Viti Arobaini Visivyomaliziwa

Wenzangu wa benchi ya kusuka,

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani. Ni saa nzuri, lakini sasa nimekaa nayo nyumbani wiki tatu, na humu ndani ni yeye tu anayeongea. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Habari za vyeo sitaziandika, kwa sababu katika miaka yote hiyo nilipata viwili tu, na cha pili tofauti yake ilikuwa ufunguo wa stoo. Nitaandika kazi yenyewe, na kosa moja nililomfanyia mtu aliyenifundisha kazi hiyo. Nyinyi mnalijua nusu tu.

Nilifika karakana nikiwa na miaka thelathini na mmoja, watoto wawili, na viatu vya kisigino. Niliambiwa kuna kazi kwa Bwana Otiende, nikadhani ni ya ofisi. Nilikuta banda la mabati kando ya barabara ya kwenda Dunga, na nje ya banda wanawake wamekaa kwenye mikeka wakisokota mashina makavu ya magugu maji kuwa kamba. Miaka ile magugu yalikuwa yamefunika ghuba yote. Maboti yalikuwa hayatoki, samaki hawaji, na Bwana Otiende, ambaye zamani alikuwa akiuza mbao tu, akaamua kwamba kama ziwa limekataa kutoa samaki basi litatoa viti. Watu walimcheka sana. Baadaye walikuja kuvikalia.

Mkubwa wa wale wanawake alikuwa Mama Norah. Alikuwa ameuza samaki Dunga kwa miaka mingi kabla magugu hayajamnyang'anya kazi, na mikono yake ilikuwa na haraka ya mtu aliyezoea kupaa magamba ya samaki huku wateja wamesimama. Aliniangalia kuanzia kichwani, akafika kwenye viatu, akakaa hapo.

"Wewe umekuja kusuka ama kuolewa?"

Nikasema nimekuja kufanya kazi.

"Umetoka wapi?"

"Bondo, Mama."

"Basi vua hiyo kiatu, Nyar Bondo, ukae chini."

Tangu siku hiyo nikawa Nyar Bondo, binti wa Bondo. Jina langu la ubatizo nadhani Mama Norah alilisikia mara ya kwanza siku ya kuniaga, likisomwa kwenye cheti, na akageuka kumuuliza jirani yake huyo ni nani.

Miezi mitatu ya kwanza hakuniruhusu kusuka kiti. Alinipa sindano ya gunia na kazi moja: kuficha ncha. Mnajua wenyewe, kila kamba inapoisha huacha ncha, na kiti kimoja kina ncha zaidi ya mia. Wengine wanazikata tu zikabaki zimesimama. Mama Norah alikuwa anazirudisha ndani, chini ya misuko mitatu, kisha anapitisha kiganja juu yake macho yakiwa yamefungwa. Kiganja kikikwaruzwa mahali, unafumua. Mimi nimefumua mpaka nikaota nafumua.

"Kiti kama ncha inaonekana," alikuwa akisema, "hiyo ni mtu ametoka kwake na hajafunga vifungo. Anaenda kanisa hivyo?"

Alinifundisha pia kupima ukavu. Ukitaka kujua kama shina limekauka, usilitazame, kwa sababu rangi inadanganya. Liweke shavuni. Likiwa baridi, bado lina maji. Hili nilidhani ni mbwembwe za wazee, nikalipuuza msimu mmoja wa mvua tulipokuwa na oda ya viti vya sebule ya padri mmoja. Nilichagua mashina yaliyoonekana makavu kabisa. Baada ya mwezi padri alituita. Alikuwa mtu mpole, hakutaka kutukwaza. Alisema tu kwamba tangu viti vije, kila anapokaa kusali rozari anakumbuka omena, dagaa wetu wa ziwani. Tuliingia ndani, na kweli sebule ilinuka ziwa. Nyuma ya viti kulikuwa na kuvu ya kijani kama ya mkate. Tulivirudisha vyote, tukavifumua, tukavisuka upya. Mama Norah alichukua shina moja lenye kuvu, akaniwekea shavuni, akashikilia hapo kwa muda.

Kosa langu jingine lilikuwa la ulimi. Sisi watu wa huku, mnajua, 'sh' inatupa taabu. Hutoka mdomoni ikiwa imekuwa 's'. Miaka ya mwanzo tulikuwa pamoja na fundi cherehani banda moja, na oda zote za simu nilipokea mimi. Akapiga mama mmoja wa Mombasa aliyeolewa hapa Kisumu. Alitaka shuka nne za vitanda vya wageni. Mimi nikaandika kwenye daftari kama nilivyosikia na kama ningesema mwenyewe: "Suka nne, za kitanda." Benchi ikasoma, ikasuka. Alipokuja kuchukua, alikuta vichwa vinne vya vitanda vya magugu maji, vimesukwa vizuri, ncha zimefichwa zote.

"Hivi," alisema akishika kimoja, "nitajifunikaje?"

Alicheka mpaka akakaa chini, na akanunua viwili. Lakini mimi niliona haya vibaya sana. Niliapa kwamba 'sh' haitanishinda tena, na kuanzia hapo kila nilipokuwa na wasiwasi niliiweka tu, ili nisikosee. Niliandika shabuni, nikaandika shanduku, na mwaka mmoja niliwatakia wateja wote Krishmashi njema.

Sasa nije kwenye maonyesho.

Mwaka juzi biashara ilikuwa imelala. Watu walikuwa wananunua viti vya kontena, vile vya ngozi ya bandia vinavyobabuka kwenye makalio baada ya mwaka. Bwana Otiende aliniita, maana wakati huo nilikuwa msimamizi wa benchi, akaniambia kuna maonyesho ya mapambo ya nyumba kwenye ukumbi wa hoteli moja kando ya ziwa, siku tatu, na amechukua kibanda.

"Uende ukae huko. Uangalie watu wanataka nini siku hizi. Na ukirudi bila oda, Mama, hiyo benchi ya kusuka nafunga. Nitaweka viti ya kontena kama wengine."

Hakusema kwa ubaya. Ni mtu mwema na alikuwa amechoka. Lakini benchi ilikuwa na wanawake sita, na wa kwanza wao alikuwa Mama Norah, ambaye tayari alikuwa amepita miaka sabini na hakuwa na kazi nyingine duniani wala hakutaka. Nilimwomba twende wote. Akasema miguu imevimba, na isitoshe hawezi kukaa siku tatu akitazamwa kama samaki kwenye meza. Sikumwambia alichosema Bwana Otiende kuhusu kufunga benchi. Hilo lilikuwa la kwanza kumficha.

Kibao cha kibanda niliandika mwenyewe, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: HAPA TUNASHUKA VITI, VITANDA NA TAA. Nilikitundika, nikarudi nyuma hatua tatu, nikaridhika.

Asubuhi ya kwanza niliacha msichana wa hoteli aniangalizie kibanda, nikazunguka na daftari. Jamani, mambo niliyoyaona. Kulikuwa na dari za jipsamu zenye taa za bluu pembeni, ukilala chini yake nadhani unaota uko benki. Kulikuwa na kuta za nyasi za plastiki. Kulikuwa na matete makavu, yaleyale tunayofyeka Dunga ili boti zipite, yamewekwa kwenye chupa ndefu na kuitwa pambo. Kijana mmoja alikuwa na meza ya mbao iliyomiminwa katikati kitu cha bluu king'aacho, akanieleza kwa fahari kwamba huo ni mfano wa ziwa. Nyuma yake dirisha lilikuwa wazi na ziwa lenyewe liko pale pale. Nilimwambia imefanana. Vitambaa vya kufuma vya kufunika makochi, ambavyo nusu ya mama wa Kisumu wamevaa miwani kwa ajili yake, sikuviona popote. Nilipouliza, dada mmoja alinijibu kwa huruma, "Mama, hiyo ilikufa," kana kwamba ananipa pole.

Siku mbili nzima hakuna aliyeagiza kitu. Watu walikuwa wanakuja kibandani, wanasoma kibao, wanatabasamu, wanaondoka. Nilidhani ni urafiki. Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilianza kusuka kigoda hapo hapo ili mikono isilale.

Siku ya tatu mchana akaja mwanamke kijana kutoka Nairobi, jina lake Sharon, kazi yake kupanga nyumba za watu na kuchagua nini kikae wapi. Alisimama mbele ya kibao akicheka waziwazi.

"Mama, hivi viti mnavishusha kutoka wapi?"

"Hatushushi. Tunashuka."

"Mnashuka?"

"Ndiyo. Kwa mkono. Kama hivi." Nikamwonyesha kamba.

"Ah! Mnasuka!"

Nilitazama juu nikakisoma kibao upya, na nikatamani ukumbi uniangukie na jipsamu yake yote. Siku mbili na nusu tulikuwa tumewatangazia watu kwamba sisi hapa tunateremka. Lakini kicheko kilikuwa kimeshamwingiza Sharon ndani, na akiwa ndani alianza kuangalia. Nikamwonyesha viti vyetu bora, vile vya Mama Norah. Nikampitishia kiganja chake juu ya viti asikie vilivyo laini. Akasema vizuri, vizuri, huku macho yake yako kwingine. Yalikuwa kwenye kigoda changu, ambacho kilikuwa na ncha zimetoka pande zote kama nywele za mtu aliyeamka.

"Nataka hiki."

"Dada, hicho bado. Hakijaisha."

"Najua. Usimalize."

Nilidhani ananitania. Akatoa simu akanionyesha picha baada ya picha: viti, vikapu, taa, zote ncha nje. Ndipo nikafungua daftari langu na kusoma niliyoandika. Meza zilizoachiwa magome ya mti. Kuta za matofali bila plasta. Vyungu bila rangi. Mapazia yasiyokunjwa pindo. Nilikuwa nimeandika kurasa nne na sikuwa nimeelewa kwamba jambo lilikuwa moja: fasheni ya mwaka ule ilikuwa ni kutomaliza. Mimi nyumba yangu ya Nyalenda sijaipiga plasta tangu nihamie, na kumbe nilikuwa nimetangulia wenzangu.

Sharon alikuwa anapanga nyumba ya wageni Bondo, kwetu. Alitaka viti arobaini vya ncha nje. Nilimwona Mama Norah mbele ya macho yangu amefumba macho, kiganja hewani. Nikaona pia benchi tupu na viti vya kontena vimepangwa mahali pake. Nikasema, "Tutatengeneza."

Bwana Otiende alinishika mikono yote miwili kwa furaha. Mimi usiku huo sikulala. Nitamwambiaje mama yule kwamba jambo la kwanza alilonifundisha, ndilo watu wanalolipia lisifanywe? Asubuhi niliingia banda nimeshatunga uongo. Nilimwambia tuna oda ya Bondo, viti arobaini, ila ncha tusifiche, tuache ndefu, kwa sababu huko Bondo wana fundi wao wa kumalizia.

Akaweka sindano chini. "Fundi gani huyo?"

"Simjui, Mama. Ni yao."

"Anaficha chini ya misuko ngapi?"

"Hawajasema."

"Yawa, jamani," alisema polepole. "Basi tumwachie ndefu, asipate sida."

Nawaambia ukweli, ningependa angenipiga. Wiki tatu alisuka viti akimfikiria huyo fundi asiyekuwepo. Alikuwa akichagua kamba laini kuliko zote, zisimkate vidole. Mahali penye kona ngumu alimfungia uzi mwekundu, aone pa kuanzia. Siku moja aliniuliza kama huyo fundi ni mwanamke au mwanamume, na kama ana miwani. Nikasema mwanamke. Uongo ukiutunga asubuhi, jioni unadai nguo.

Tukiwa tumefikisha viti ishirini na viwili, Sharon akaja kuona kazi. Nilikuwa stoo. Nilipotoka alikuwa ameshika ncha za kiti na kumwambia Mama Norah kwa furaha, "Mama, hizi ncha zinapendeza! Msikate, msifiche, hivi hivi ndivyo wageni watakavyovikalia."

Mama Norah alimwambia asante. Akakusanya vile vinyuzi vyekundu kimoja kimoja kutoka kwenye viti vyote, akaviweka mfukoni mwa aproni. Kisha akakaa, mikono mapajani.

Siku nne hakunisemesha. Alikuja kila asubuhi, akanywa chai yake, hakugusa kamba. Na yeye asipogusa kamba, wale watano wengine hawagusi. Mnajua benchi ilivyo. Bwana Otiende akawa anatembea nje akihesabu siku zilizobaki. Niliwaza nimeiokoa benchi na nimeiua kwa mkono huo huo. Lakini lililoniuma zaidi, na nalisema wazi, halikuwa benchi. Nilimpenda yule mama kuliko ndugu zangu wengi, na alikuwa ananipita kana kwamba mimi ni mlango.

Siku ya mwisho ya kununa kwake nilikaa mbele yake chini, nikavua viatu.

"Mama, nilijua utakataa kuacha ncha. Na Bwana Otiende alikuwa anafunga benchi. Niliogopa."

"Nani alikuambia nitakataa?"

"Miaka yote umenifundisha..."

"Nimekuuliza, nani alikuambia nitakataa?"

Nikavisogeza viatu vyangu kando.

"Mimi niliuza samaki, Nyar Bondo. Huyu anataka na kichwa, huyu bila kichwa, huyu anataka mkia peke yake. Mimi nilikuwa nakataa? Mtu anakula vile anapenda. Kama ungesema Mama, watu wanataka ncha nje, ningesema sawa, wako na kichaa, lete kamba. Siku hiyo hiyo!" Sauti yake ikapasuka. "Sasa mimi nimekaa hapa nafungia mtu uzi nyekundu. Mtu hayuko! Umenifanya mzee wa kudanganywa, kama mtoto anaambiwa sindano ya daktari haiumi. Hiyo ndiyo inaniuma. Ncha si kitu."

Nililia hapo mbele ya benchi nzima, na sikutafuta pa kujificha. Nikamwomba msamaha kwa Kiswahili, kisha kwa Kijaluo, kwa sababu cha kwanza kilionekana hakitoshi. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Halafu akavuta kiti cha karibu, akakipindua, akatazama zile ncha zake kwa macho ya kazi.

"Hii tumeacha vibaya. Nilijua kuna mtu atamaliza. Kama ni ya kuonekana, basi ionekane." Akanyoosha kidole cha shahada. "Zote urefu huu. Na kila moja fundo, isifumuke. Lete kisu."

Basi tukaanza upya vile ishirini na viwili. Kila ncha ilipimwa kwenye kidole cha Mama Norah na kufungwa fundo, na ilikuwa kazi mara mbili ya kuzificha. Sharon alipokuja kuchukua alisema vinaonekana kama havijaguswa kabisa. Mama Norah alikubali kwamba ndiyo, havijaguswa.

Benchi haikufungwa. Mpo, mnaijua. Oda za Bondo zilileta za Siaya, na sasa nasikia fasheni imeanza kurudi kwenye kuficha, mtaona wenyewe. Tangu siku ile nilimuuliza Mama Norah kila kitu. Nilimuuliza rangi ya vanishi, siku ya kuanika, hata kama chai yake niweke sukari, mpaka akaniambia, "Sasa unanisumbua." Mimi nimestaafu kabla yake, jambo ambalo anamwambia kila anayepita barabarani.

Na haya pia sikuyaandika bila kumuuliza. Juzi nilikwenda kwake Dunga nikamsomea yote, kuanzia viatu mpaka hapa. Alisikiliza macho yamefungwa. Nilipomaliza nikasema, "Mama, niwape wenzetu wa benchi wasome?"

"Wape," akasema. "Lakini mahali umeandika nilinuna siku nne, toa. Zilikuwa tatu. Hiyo ya nne nilikuwa nangoja uje."